Pipa Chini ya Bati

27 Machi

Daftari hili nimepewa na Sandra, nesi wa wadi ya watoto wachanga, niandike mtoto amekunywa maziwa saa ngapi na kama amekojoa. Nimemwambia mimi sijawahi kukaa kwa dawati la shule hata siku moja. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, juu ya Biblia, na mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwa matope. Akasema kuku huyo anatosha. Basi. Mtoto amekunywa. Amekojoa. Lakini daftari ni kubwa, mchana wa hospitali ni mrefu, na nikinyamaza moyo unanikimbia. Nitaandika na mengine.

Mimi ni Nasike. Nilizaliwa msimu wa nzige, ndiyo maana ya jina. Nilitoka Bungoma kuja hapa Kitengela kumpokea mjukuu, mtoto wa Elsie, kitinda mimba wangu. Mjukuu hakungoja. Alikuja kabla ya wakati wake, Elsie akapasuliwa, na sasa kidonda chake kinatoa usaha. Amelala wadi ya pili, na daktari amekataza asimguse mtoto mpaka kikauke. Kwa hivyo ni mimi. Wananivua blauzi, wananiwekea mtoto katikati ya matiti haya yaliyochoka, wananifunga leso, tunakaa hivyo ngozi kwa ngozi. Wao wanaita kangaruu. Mimi naita kubeba mtoto.

Ni msichana. Mwili wote ni kiganja changu na kidogo juu yake. Wakati mwingine anasahau kupumua. Namgusa wayo, anakumbuka. Nimezika mume, nimezika dada, lakini sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoogopa wayo huu siku utakataa kukumbuka.

28 Machi

Amekunywa. Amekojoa. Vumbi na joto.

30 Machi

Lennox, mume wa Elsie, amepita hapa akitoka kazini Athi River. Kwetu mama hakai chini ya paa moja na mume wa bintiye, hawaangaliani usoni, hawashikani mkono. Ni heshima, si chuki. Ndiyo sababu silali kwao, nalala hapa kwa chumba cha akina mama. Lennox anaacha mfuko wa chakula kwa askari wa lango, anasimama nyuma ya kibanda mpaka aone nimeuchukua, ndipo anaenda kwa mkewe.

Askari ni kijana wa Kimasai. Ananisalimia kwa lugha yake, "Takwenya, koko," yaani nyanya, nami najibu, "Iko," kama alivyonifundisha. Leo ameniuliza kwa nini huyu mkwe wangu hujificha kama ameiba kuku. Nimemwambia anajificha kwa adabu, na yeye angejifunza.

2 Aprili

Leo nimeingia chumba cha nyuma, pale vyombo vya watoto vinaoshwa. Nilitaka kujua kitu kinachoingia kinywani mwa mjukuu wangu kimetoka wapi.

Vyombo hivi havitupwi. Kuna vikombe vidogo vya kulishia, kipira cha kuvuta makamasi, vijibomba vya oksijeni vinavyoingia puani, na ile chupa ya maji ukutani ambayo hewa hupitia ikitoa mapovu, ili isikaushe pua ya mtoto. Kikitoka kwa huyu kinaoshwa, kinaenda kwa yule. Nyumbani kijiko cha mgonjwa tunakitenga.

Anayeosha ni Mugure, mama wa makamo, mkono mwepesi, mdomo mkali. Anasugua kwanza kwa sabuni, anatumbukiza kwa ndoo ya jiki, ile dawa kali ya kuua vijidudu, anangoja, kisha anasuuza kwa maji yaliyochemshwa, anaanika juu ya kitambaa safi. Nikamwuliza kwa nini kikombe cha mtoto bado kinanuka jiki. Akasema maji ya kuchemsha ni kidogo kwa sababu gesi ni kidogo, na mikono yake ni hiyo tu ninayoiona.

"Shosho, hapa si jikoni kwako," akasema, akiniita nyanya kwa lugha yao. "Rudi ukabebe mtoto."

Nimerudi. Lakini akiletewa kikombe, mtoto anakunja uso. Na ndani ya vikombe kuna ukoko mweupe, maana maji ya Kitengela yanatoka kisima kirefu na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, nguo zikikauka zinasimama zenyewe. Chumvi na jiki, ndicho mjukuu wangu ameonja kabla ya kuonja dunia.

4 Aprili

Kitanda kinachopakana na changu ni cha Munyiva. Ni msichana tu, mumewe anachonga mawe huko machimboni, na mtoto wake wa kiume ni mdogo hata kuliko wetu. Alipasuliwa pia, hawezi kuinama. Kikombe chake nimeanza kukisuuza mimi tena pamoja na chetu, kupunguza ile harufu, na akisinzia namshikia mtoto. Ananiita shosho, na mimi namwita mtoto wake bwana mkubwa. Nimepata mjukuu wa bure.

7 Aprili

Mvua imekuja, haikubisha hodi. Bati la wadi lilipiga kelele mpaka watoto wote wakanyamaza kusikiliza. Kwetu msichana aliyezaliwa na mvua anaitwa Nafula. Nilienda mpaka kwa Elsie nikamwambia mvua imemfuata mtoto kumpa jina. Akacheka, mara ya kwanza tangu apasuliwe, huku ameshika tumbo.

Nilikuwa nimetoa beseni nje, kama mama yeyote angefanya. Maji yale, Wele Mungu wetu asifiwe, yalikuwa matamu. Sabuni ilitoa povu mpaka kiwiko. Nikasuuza kikombe cha Nafula na cha bwana mkubwa, nikiwaimbia. Harufu ya jiki ikaisha. Nafula akanywa chote bila kukunja uso.

10 Aprili

Lennox ameleta pipa la bluu. Nilimtumia neno kupitia Elsie. Askari amenisaidia kuliweka chini ya mfereji wa bati nyuma ya wadi, na kwa mvua hii limejaa kabla ya chai.

Mugure alikataa. Akasema yeye ameagizwa kusuuza na maji ya kuchemsha tu. Lakini udongo mweusi umeshika magari yote njiani, lori la gesi halijafika, na sufuria yake imekaa baridi tangu jana. Nilimwambia maji haya hayajaguswa na mkono wa mtu, yametoka kwa Mungu moja kwa moja. Akina mama wakacheka, wakaniunga mkono. Akashika jagi, akachota.

Hata Sandra amechota. Chupa za oksijeni huwa zinaota chumvi mpaka tundu linaziba. Amezijaza maji yangu, zinang'aa. "Shosho, ungekuja mapema," akaniambia. Sikatai, nilitembea kwa maringo mpaka jioni.

13 Aprili

Amekunywa. Ameongeza uzito. Bwana mkubwa pia. Mvua.

17 Aprili

Mtoto wa kitanda cha kona amepata homa ghafla. Wamemkimbiza Nairobi. Mama yake aliondoka na kiatu kimoja.

19 Aprili

Mwingine. Jana alikuwa ananyonya. Leo amekuwa wa rangi ya jivu.

Chumba chote kinaogopa. Hakuna anayesema, lakini kila mama amemvuta mtoto wake karibu. Mimi simwachi Nafula peke yake hata nikienda choo, namwachia Munyiva, na Munyiva akienda namshikia wake. Daktari Kiragu amepita mara nyingi. Ni kijana mpole, ana macho ya mtu asiyelala. Ametuuliza kama tunanawa mikono. Tunanawa mpaka ngozi inatoka.

Mimi najiuliza kuhusu vyombo. Kitu kinatoka kwa mtoto huyu kinaingia kwa yule.

21 Aprili

Nimekaa mlangoni kwa Mugure tangu asubuhi, nikamtazama. Leo nimemwona akitoa vikombe kwa jiki haraka, kabla ya muda wake, kwa sababu wadi ilikuwa inaviitisha. Nikasema hapo hapo, mbele ya Sandra na akina mama wote, kwamba huyu ndiye anatumalizia watoto. Nilisema na mengine. Nilisema mtu asiye na uchungu wa mtoto asipewe kikombe cha mtoto.

Mugure alivua glavu polepole, akaziweka juu ya meza. Mchana tukasikia amepewa likizo mpaka mambo yachunguzwe. Ameenda bila mwavuli.

Nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

23 Aprili

Bwana mkubwa amekataa kikombe.

24 Aprili

Asubuhi Munyiva aliniambia mtoto ni baridi. Nikamgusa, na mkono wangu ukajua kabla ya kichwa. Tumbo lilikuwa limevimba, miguu ina madoa kama ya mvua kwa vumbi. Nikaita Sandra. Walikuja wote. Walimwekea oksijeni, ile chupa ikawa inatoa mapovu ukutani. Walimvuta makamasi. Daktari Kiragu alimtoa damu kidogo sana akaipeleka kupimwa, akamchoma dawa, akasukuma kifua chake kwa vidole tu, maana mkono ungemvunja.

Munyiva alikuwa amesimama ameshika tumbo lake la mshono. Mimi nilikuwa nimefungwa Nafula kifuani, sikuweza hata kumkumbatia vizuri, nilimkumbatia kwa ubavu. Alikuwa ananiuliza jambo lilelile: "Shosho, si alikunywa jana? Si ulimwona akinywa?" Nikasema nilimwona.

Daktari aliacha kusukuma. Akaangalia saa, si kwa sababu ana haraka, ni kwa sababu lazima waandike.

Mumewe alikuja na mavazi ya kazi, vumbi la mawe mpaka kwa nyusi. Alimchukua mtoto kwa shuka ya hospitali. Munyiva alipopita kwangu aliweka mkono juu ya mgongo wa Nafula, akaenda. Kikombe chao kidogo kimebaki juu ya kabati. Kimeoshwa, kinang'aa.

26 Aprili

Sasa ni sisi.

Nafula alianza kunywa nusu, kisha robo, kisha maziwa yakawa yanatoka kwa pembe ya mdomo. Nikimgusa wayo anachelewa. Mara ya tatu hakukumbuka. Nilimsugua, nikamwita, nikampulizia uso. Sandra alimtoa kifuani kwangu kwa nguvu, na ile baridi iliyobaki pale alipokuwa sitaisahau.

Walimfanyia kazi kwa meza yenye taa. Mimi nilisukumwa kwenye korido, kifua wazi, leso imening'inia. Lennox alikuwa hapo, amekuja kumwona mkewe akakutana na kelele. Nilimshika mkono. Sikufikiri. Nilimshika mkono mkwe wangu, uso kwa uso, mimi na matiti yangu nje, na yeye akanishika kwa mikono yake yote, na tukasimama hivyo tukisikiliza mlango.

"Mama," akaniambia, "anapumua. Sikia, analia."

Ilikuwa sauti ndogo kama ya paka ndani ya mfuko. Ndipo tukaachana mikono, kila mtu akaangalia ukuta wake.

Yuko hai. Amewekewa vijibomba puani na dawa kwa mshipa wa kichwa. Elsie hajui yote. Nimemwambia mtoto ana mafua.

27 Aprili

Yuko hai.

28 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kidogo. Nilienda nyuma kuchota maji. Nikasikia kishindo juu ya bati, halafu kingine. Ni askari alikuwa anarusha mawe. Nikamwuliza anapiga nini. Akasema, "Koko, ni hawa ndege wa jalala. Wamehamia hapa tangu mvua ianze."

Nikainua macho. Juu ya wadi walikuwa wamejipanga wale marabu, wakubwa kama watoto wa shule, vichwa vina upara, mifuko mirefu chini ya shingo. Askari akanieleza kwamba buchari ya nyuma inatupa utumbo shimoni, mvua imelijaza shimo, basi utumbo unaelea na ndege wanashuka kula na kupanda kupumzika. Bati lote lilikuwa jeupe. Na lile jeupe lilikuwa limelowa, linatiririka.

Macho yangu yakashuka pamoja nalo. Likatoka kwa bati, likaingia mferejini. Likatoka mferejini, likaingia kwa pipa langu. Nikainama. Nikaingiza mkono mpaka bega, nikapapasa chini kabisa. Kulikuwa na utelezi kama wa samaki. Nilitoa unyoya.

Jagi lilikuwa mkononi mwangu. Ni lilelile. Ndilo lililosuuza kikombe cha mtoto wa kona. Ndilo lililosuuza kikombe cha bwana mkubwa, kila siku, kwa mkono wangu, nikimwimbia. Ndilo lilijaza ile chupa ya ukutani inayompulizia Nafula puani sasa hivi.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia. Sikukimbia. Nilirudi nikakaa kando ya mtoto na nikawaza kama mwizi. Niliwaza nikisema watanifukuza, na mama yake bado haruhusiwi kumshika, na ni nani atamgusa wayo. Niliwaza pengine ni mimi tu nimeogopa, ndege wako kila mahali. Niliwaza nimwage pipa kimya kimya na nisiseme kitu. Nikawaza Mugure akitembea kwenye mvua.

Sandra akaja na kikombe. Kilikuwa kimetoka kusuuzwa, tone la maji bado limeshika ukingo. Akainama juu ya mtoto. Nikaziba kikombe kwa kiganja changu.

"Maji yangu ni machafu," nikamwambia. "Ni kinyesi cha ndege. Mimi ndiye nimewapa watoto."

Alinitazama kama sijui kusema. Nikamwonyesha unyoya. Uso wake ukabadilika, lakini hakuniangalia mimi, aliangalia ukutani. Mapovu yalikuwa yanapanda ndani ya chupa, safi, bila chumvi. Akaifunga hewa, akaing'oa chupa, akamletea Nafula hewa ya mtungi mwingine usio na chupa.

"Hii nilijaza mimi, shosho," akasema. "Nilijua inatakiwa maji yaliyochemshwa. Nilijaza mimi."

Tulienda kwa Daktari Kiragu pamoja. Niliongea kwanza, kabla Sandra hajaniwahi. Daktari hakupaza sauti. Alisugua vijiti vya pamba kila mahali, kwa vikombe, kwa ndoo ya jiki, kwa chupa, akachota na maji ya pipa, akavipeleka kupimwa pamoja na damu ya Nafula, na hapo hapo akamwongezea dawa kali zaidi. Kisha akatoka nje yeye mwenyewe, koti jeupe, akasukuma pipa kwa mguu. Maji yalikimbia uani kama kitu kilichokuwa kinangoja kuachiliwa.

Hawajanifukuza. Sandra amesema, "Nani atambeba?" Basi nambeba. Lakini jina lake siliwezi tena. Naita mtoto.

29 Aprili

Mtungi mpya wa gesi umefika, askari ameubeba begani kutoka barabara kubwa. Kila chombo kimeoshwa upya, kimesuuzwa kwa maji ya kuchemsha, kimekaushwa. Hata kipira cha makamasi kimefunguliwa na kukaushwa ndani. Vina ukoko mweupe tena. Nimeubusu ukoko.

Mtoto hajafungua macho.

1 Mei

Amesahau kupumua mara mbili. Amekumbuka.

2 Mei

Amekunywa kijiko kimoja.

3 Mei

Majibu. Daktari Kiragu ametuita kando. Kwa ndoo ya Mugure hakuna kitu. Kwa kikombe kabla hakijasuuzwa hakuna kitu. Kwa pipa, kwa chupa ya oksijeni na kwa vikombe vilivyosuuzwa kuna mdudu mmoja, jina refu sikulishika. Ndiye yuko kwa damu ya mtoto wetu. Nikauliza na damu ya bwana mkubwa.

Akasema ni huyohuyo.

Akaendelea kusema mengine, kwamba mtoto alikuwa mdogo sana, kwamba kosa ni la hospitali kwa sababu mgonjwa wala mzazi haleti maji wadini, wao ndio walikubali. Anasema ukweli. Lakini wimbo niliimba mimi.

4 Mei

Nimeenda kwa Mugure. Askari alinielekeza, nikatembea kwa matope mpaka magoti. Alikuwa anafua uani kwake. Akaniona, akaendelea kukamua nguo.

"Umekuja kunifukuza hata hapa?"

Nikamwambia nimekuja kumwambia yeye hakuua mtu, na kwamba nitasema hivyo mbele ya walewale, mahali palepale. Nikamweleza yote. Aliposikia habari za bwana mkubwa aliketi juu ya ndoo.

"Mimi pia nilichota," akasema baadaye. "Nilijua, lakini mgongo ulikuwa unauma na yako yalikuwa karibu." Akanitazama. "Lakini wewe, shosho, uko na mdomo kama panga. Uliniambia sina uchungu wa mtoto. Unajua nimezaa wangapi na niko na wangapi?"

Sikujua. Hakuniambia. Akaniletea maji ya kunawa miguu, akasema nisichafue nyumba yake, halafu akaniwekea chai. Nilikunywa nikilia ndani ya kikombe kama mtoto.

5 Mei

Mugure amerudi. Nimesema mbele ya wote. Mama mmoja mpya aliniuliza kwa nini nasema kwa sauti hivyo. Nikamwambia wakati wa kumtukana sikunong'ona.

7 Mei

Sandra alikuwa ametumwa na hospitali kwa Munyiva, nikamwambia sitaachwa nyuma. Elsie aliruhusiwa leo kumbeba mtoto kwa mara ya kwanza, kidonda kimekauka, kwa hivyo kifua changu kilikuwa wazi na miguu yangu haikuwa na kisingizio.

Wanakaa karibu na machimbo. Nyumba ya mabati, milio ya nyundo kwa mbali. Munyiva alikuwa amekaa kitandani, matiti yamefungwa kwa kitambaa kukausha maziwa. Aliponiona alifurahi. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Akaniuliza, "Msichana wetu anaendelea?"

Sandra alianza kwa maneno ya ofisini, uchunguzi umeonyesha, hospitali inasikitika. Munyiva hakuwa anaelewa. Nikamshika Sandra mkono anyamaze.

"Mwanangu," nikasema, "ni yale maji ya mvua. Yalikuwa na uchafu wa ndege kutoka kwa bati. Mimi ndiye niliyaleta, na mimi ndiye niliyasuuzia kikombe chake."

Nyundo ziliendelea.

"Mimi ndiye nilikuwa nakupa kikombe," akasema. "Nilikuwa nakunyooshea mkono. Nakwambia asante."

"Ndiyo."

"Toka nje, shosho."

Nikatoka. Nilikaa juu ya jiwe, mvua ikaanza, sikuhama. Sandra alibaki ndani muda mrefu. Kisha Munyiva mwenyewe akasimama mlangoni, akishika kuta.

"Ulimshika wakati mimi siwezi kuinuka," akasema. "Hilo nalikumbuka. Lakini usirudi hapa. Sitaki kukuona mpaka niseme mimi."

Nikamwambia nimesikia. Pengine hatasema kamwe. Nimempa ruhusa hiyo moyoni, ingawa si yangu kutoa.

12 Mei

Anakunywa kikombe kizima. Vijibomba vimetolewa puani. Yuko kwa Elsie mchana, kwangu jioni.

19 Mei

Amekunywa. Amekojoa. Amemkojolea daktari.

25 Mei

Tumetoka. Askari alifungua lango lote kama kwa gari la mkubwa. Mugure alikuja mpaka nje, akaniambia nikirudi na beseni atanipiga nalo.

Lennox amenipangia chumba upande wa pili wa ua ule wa nyumba yao, ili tuwe karibu na tusiwe chini ya paa moja. Juu ya kitanda nimekuta blanketi jipya. Elsie amesema ni la kuosha ule mkono tulioshikana mimi na Lennox, maana kwetu mwiko huo ukivunjwa mkwe hutoa blanketi. Nimemwambia amwambie mumewe blanketi nimepokea, lakini mkono ule hausafishwi, ulikuwa safi.

28 Mei

Elsie aliniuliza leo kwa nini simwiti mtoto jina. Nilikuwa nimemwambia habari zote kidogo kidogo. Nikasema sitaki aitwe kwa kile kilichotaka kumwua. Ningempa jina la mama yangu, au lolote.

Elsie alikuwa ananyonyesha, mtoto sasa anavuta mwenyewe. Hakuinua kichwa. "Mama, ilinyesha akiwa kifuani kwako," akasema. "Mimi nahesabu alizaliwa hapo, na mvua. Tutasema alizaliwa na nini?"

Nikatoka kuanika nguo za mtoto.

Baadaye mbingu ikafunga na mvua ikashuka, pengine ya mwisho mwisho. Ua mzima ulitoka mbio, kila jirani na ndoo yake, watoto na sufuria, mtu akiita mwenzake asogeze karai. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi. Nikawaza juu ya mlango wa mabati kule machimboni, kama mvua inaupiga pia.

Nikaacha bati lioshwe kwanza muda mrefu. Ndipo nikatoa beseni. Nikayachuja kwa kitambaa, nikayatia kwa sufuria, nikawasha jiko. Nikaweka kigoda mbele yake nikakaa. Yalipochemka sikuinuka. Niliyaacha yaruke, yatoe mvuke, yapige kifuniko, nami nikayatazama mpaka jirani mmoja akaniuliza napika nini ambacho hakiivi.

Yalipopoa nikaosha kikombe, nikakianika juu ya kitambaa safi, nikangoja kikauke chenyewe.

Nafula amekunywa. Amekojoa.